Kibanda cha Chai ya Kashmiri

Bradford, mji wa zamani wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, takriban mtu mmoja kati ya wanne ana asili ya Pakistani. Wengi wao kwao ni Mirpur, upande wa Kashmir unaotawaliwa na Pakistani, ambako bwawa la Mangla, lililokamilika mwaka 1967, lilizamisha vijiji na kuhamisha watu zaidi ya 100,000. Anayetaka kuuza hapa vinywaji vya kwao kwenye kibanda cha muda, yaani meza, jiko la gesi na turubai, wiki hii sokoni na wiki ijayo kwenye tamasha, ana wateja wanaojua kinywaji kinavyotakiwa kuwa tangu utotoni. Ni bahati, na ni mtihani.

Wengi huanza kwa kubandika orodha ndefu: lasi ya embe, lasi ya chumvi, faluda, chai ya karak, juisi ya miwa, vyote kwa pamoja, mwezi wowote. Lakini vinywaji vya Pakistani vina majira yake. Lahore, chai ya Kashmiri huonekana mitaani baridi inapoingia. Lasi na maji ya ndimu yenye chumvi ni vya joto la Mei na Juni. Sharubati nyekundu ya Rooh Afza katika maziwa baridi ni ya futari. Kibanda cha muda kinaweza kufuata majira hayo. Mkahawa unaolipa pango mwaka mzima hauwezi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kinywaji kimoja kikuu kwa msimu, na kingine kimoja cha kukisindikiza, basi.

Kipi kiwe kikuu? Rooh Afza ina historia nzuri: ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na tabibu Hakim Hafiz Abdul Majeed wakati India ingali koloni, na mwanawe Hakim Mohammed Said akaianzisha upya mjini Karachi, mwaka 1948, kampuni ya Hamdard inayoitengeneza. Ila chupa yake iko kwenye kila duka la Bradford, na mteja hatalipa pauni 3 kwa kitu anachokoroga mwenyewe nyumbani. Chai ya maziwa matupu, doodh patti, inapendwa zaidi. Majani yake mara nyingi yametoka kwetu, maana Pakistani kwa miaka mingi ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya inayopitia mnada wa Mombasa. Mwezi Juni 2022 waziri wa Pakistani, Ahsan Iqbal, aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili kwa siku ili kuokoa fedha za kigeni, akachekwa nchi nzima. Tatizo ni kwamba chai ya namna hiyo Uingereza imeshapata wenyewe: Chaiiwala, iliyoanzia Leicester, ina matawi mji kwa mji. Kibanda hakishindani na matawi.

Inabaki chai ya Kashmiri, ile ya pinki, na hapo ndipo mfanyabiashara mdogo ana nafasi, kwa sababu inadai subira ambayo maduka ya haraka hayana.

Majani yake ni ya chai ya kijani. Huchemshwa kwenye maji yenye bikaboneti ya soda kidogo mno, saa nzima au zaidi, huku mpishi akichota kwa upawa na kumimina kutoka juu, tena na tena. Si mbwembwe. Bikaboneti hugeuza maji kuwa ya kialkali, na katika hali hiyo kemikali za majani zikikutana na oksijeni hubadilika rangi. Upawa ndio unaoingiza hewa. Maji ya barafu hutiwa kwa ghafla, kisha sufuria hurudi motoni hadi chai iwe nyekundu iliyokoza kama maji ya rosela. Ikikutana na maziwa, ndipo pinki inapojitokeza. Bikaboneti ikizidi, chai ina ladha ya sabuni, na hakuna iliki itakayoificha. Wapo wanaokatisha njia kwa rangi ya chakula. Bibi wa Kikashmiri aliyezoea kuipika atakugundua kabla hajamaliza kikombe.

Uzuri wake kibiashara ni kwamba kazi ngumu inakwisha jana yake. Chai nzito, ile nyekundu kabla ya maziwa, hupozwa haraka na kuwekwa kwenye friji. Kibandani unapasha maziwa, unachanganya, unanyunyiza lozi na pistashio. Foleni inasogea. Lasi, kinyume chake, inahitaji umeme, mashine ya kusagia na barafu nyingi.

Sasa hesabu. Tuseme lita 20 za maziwa na lita 4 za chai nzito. Ukitoa mvuke na kinachomwagika, upate vikombe 110 vya mililita 200. Kwa pauni 3 ni pauni 330. Nafasi sokoni 80, msaidizi wa saa 6 kwa pauni 13 ni 78, maziwa 24, lozi na pistashio 20, vikombe 15, gesi na majani 10: jumla 227. Umebakiwa na 103. Mvua ikinyesha ukauza nusu, umepoteza 62, kwa sababu karibu fedha zote zilishatoka kabla ya mteja wa kwanza.

Upande wa sheria, unajiandikisha kwa halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, bila malipo, na jiko la nyumbani unakopikia chai nzito nalo linahesabiwa. Cha moto kikae nyuzi 63 au zaidi, cha baridi kisizidi 8. Maziwa, lozi na pistashio vimo kwenye orodha ya vyakula 14 vya mzio ambavyo mteja lazima aelezwe, kwa hiyo lozi na pistashio zikae kwenye chombo chake na kijiko chake.

Sheria inayowakamata wengi ni nyingine: kuuza kinywaji cha moto kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri kunahitaji leseni ya pekee. Ramadhani ilipoangukia Juni, watu walifuturu baada ya saa 3 na nusu usiku na biashara yote ikaingia kwenye saa hizo. Sasa mwezi unarudi nyuma kuelekea katikati ya baridi. Mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Magharibi huwa kabla ya saa 11 jioni, tarawehe inakwisha mapema, na watu wanatoka msikitini wakipuliza mikono. Miaka hiyo Rooh Afza itabaki mezani nyumbani. Anayeanza leo ana misimu kadhaa ya kuijua sufuria yake kabla ya hapo, na harusi za majira ya baridi, ambako chai hii huagizwa mapema na nusu ya malipo hutangulia, ndizo za kuanzia.