Mwalimu wa Wauguzi Anapochagua Shahada ya Uzamivu

Katika Chuo cha Uuguzi cha Rubya, wilayani Muleba, vijana wetu hujifunza kumhudumia mgonjwa. Huduma tunayoipata wodini huanzia kwa mwalimu aliyewafundisha. Kwa hiyo, mwalimu anapochagua masomo ya uzamivu, uchaguzi wake unatugusa sote.

Kwanza, atambue aina ya shahada. Uzamivu wa utafiti humwandaa kuzalisha maarifa mapya na kusimamia tafiti za wengine. Uzamivu wa utendaji, ulioenea Marekani, humwandaa kuongoza na kuboresha huduma kwa wagonjwa. Anayerudi darasani aulize pia kama programu inafundisha mbinu za ualimu.

Pili, amtafute msimamizi anayeijua mada yake kabla ya kuvutwa na jina la chuo. Akienda ng'ambo, ahakikishe kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itaitambua shahada hiyo, na afanye hivyo kabla ya kulipa ada.

Tatu, afikirie wale anaowaacha. Kutoka Bukoba hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa 1,000, na masomo huchukua miaka mitatu au zaidi. Nani atashika vipindi vyake? Tunashauri mwalimu, chuo na familia waafikiane mapema, na utafiti wenyewe ufanyike huku kwetu, hata katika visiwa vya Muleba ambako mama mjamzito hutegemea mtumbwi kufika hospitali.

Talanta hutolewa ili izae. Hii nayo izae kwa ajili ya wagonjwa.