Kiunganishi "Ili" na Maelezo ya Mageuko: Mfano wa Jeni ya Selimundu

Mwalimu anapoeleza kwa Kiswahili jinsi viumbe walivyokuja kutofautiana, aghalabu ulimi humtangulia akasema kwamba kiumbe fulani kilibadilika ili kipate kuishi. Sentensi hiyo ni sanifu kisarufi, nayo huingia masikioni bila ukinzani. Hata hivyo, kisayansi ina walakini, na walakini wenyewe umejificha katika neno la silabi mbili. "Ili" ni kiunganishi cha kusudi: hudai kwamba kuna mwenye nia, na kwamba nia ilitangulia tendo. Katika badiliko la jeni hakuna nia. Makala hii inanuia kufafanua jinsi mabadiliko ya jeni yanavyozuka na yanavyochangia mageuko ya viumbe, kwa kuangazia mfano ambao Afrika Mashariki inaujua kwa uchungu, yaani ugonjwa wa selimundu.

Istilahi nayo ina mitego yake. Neno "mageuzi", ambalo baadhi ya waandishi hulitumia, limebeba mzigo wa kisiasa nchini Kenya tangu harakati za vyama vingi za miaka ya 1990. Lina watu wanaodai, wanaopanga na wanaotekeleza. "Mageuko" ni afadhali. "Vinasaba", kwa upande mwingine, ni istilahi iliyobahatika: msikilizaji asiyejua lolote kuhusu biolojia husikia "nasaba" ndani yake, akakisia sawasawa kwamba kinachozungumziwa ni kitu kinachorithiwa.

Vinasaba ni maandishi. Alfabeti yake ina herufi nne tu, A, T, G na C, na kila herufi tatu huunda neno linalotaja asidi amino moja, ambayo ni tofali la kujengea protini. Binadamu hurithi herufi takriban bilioni 3 kutoka kwa kila mzazi. Kila seli inapogawanyika, maandishi hayo yote hunakiliwa upya. Mwanafunzi aliyewahi kusoma miswada ya tendi katika hati ya Kiarabu ataelewa hatari iliyopo: nukta ya herufi ba katikati ya neno ikihamishwa kutoka chini hadi juu, herufi husomwa nuni, na neno likawa jingine. Vimeng'enya vinavyonakili vinasaba huwa na wahariri wao, ambao hupitia nakala na kusahihisha, hivi kwamba kosa linalosalia ni takriban herufi moja katika bilioni. Lakini bilioni ni nyingi na seli hugawanyika mara nyingi. Mtoto huzaliwa na herufi mpya zipatazo 60 hadi 70 ambazo mama hana na baba hana. Nyingi kati yake hutoka kwa baba, kwa kuwa mbegu za kiume huendelea kunakiliwa maisha yake yote ya utu uzima. Jamii zilizozoea kumtazama mama pekee mtoto anapozaliwa tofauti zingefaa kulijua hilo.

Makosa ya kunakili si chanzo cha pekee. Miali ya jua huharibu vinasaba vya ngozi, na mionzi na baadhi ya kemikali hufanya vivyo hivyo. Ifahamike, hata hivyo, kwamba badiliko lililotokea katika ngozi au ini hufa na mwenyewe. Linaloingia katika nasaba ni lile tu lililomo katika yai au mbegu.

Mengi ya mabadiliko hayo hayana athari yoyote. Lugha ya vinasaba ina visawe: GAG na GAA hutaja asidi amino ileile, asidi glutamiki, na anayebadilishiwa moja kwa nyingine hana habari. Mambo ni tofauti herufi ya katikati inapoguswa. Katika jeni inayoelekeza ujenzi wa mnyororo wa beta wa himoglobini, wenye asidi amino 146, neno la sita huwa GAG. Likiwa GTG, asidi glutamiki huondoka na valini kushika nafasi yake. Tofauti hiyo ya asidi amino moja ilibainishwa na Vernon Ingram huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957. Himoglobini yenye valini hiyo hugandamana pale oksijeni inapopungua, na seli nyekundu hupindika kama mundu, zikaziba mishipa na kuvunjika mapema. Aliyerithi herufi hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida huishi bila dalili, naye huitwa mbebaji.

Hapa pana kitendawili. Badiliko linaloua watoto lingetarajiwa kufifia, kwa kuwa wanaokufa wachanga hawazai. Mbona limeenea?

Jibu lilipatikana katika eneo hili hili. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za jamii mbalimbali za Kenya mwaka 1949. Aligundua kwamba wabebaji walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia 1. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Baadaye alichunguza watoto 290 karibu na Kampala: kati ya wabebaji 43, wenye vimelea vya malaria walikuwa 12, kati ya wasio wabebaji 247, walikuwa 113. Kisha akawaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 waliojitolea jijini Nairobi. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walishikwa. Kati ya wabebaji 15, wawili tu. Leo jaribio la aina hiyo huidhinishwa tu chini ya masharti makali ya kimaadili, na ni vyema iwe hivyo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1954.

Je, malaria ndiyo iliyoleta badiliko hilo? La. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walikuza bakteria katika vyombo vingi vilivyotengwa, kisha wakawashambulia kwa virusi. Iwapo ukinzani ungesababishwa na shambulio, kila chombo kingetoa manusura wanaokaribiana kwa idadi. Badala yake, vingi vilitoa wachache au hata asiwepo, na vichache vikatoa wengi mno: ishara kwamba badiliko lilikuwa limekwisha kuzuka, mapema au kwa kuchelewa, kabla adui hajafika. Kuhusu selimundu, utafiti wa Daniel Shriner na Charles Rotimi wa mwaka 2018 unakadiria kwamba badiliko hilo lilianza kwa mtu mmoja barani Afrika, miaka ipatayo 7,300 iliyopita. Mtu huyo hakukusudia lolote.

Kiswahili kina zana ya kulisema jambo hili barabara, nayo ni kiambishi -ka- cha masimulizi: herufi ilikosewa, mwana akairithi, malaria ikaua wengi, mbebaji akabaki, akazaa. Matukio yanafuatana bila kudai mpangaji. Kiambishi hicho pia hakilazimu kuliita badiliko "kasoro" wala "kinga", kwa kuwa ni vyote viwili kulingana na mahali. Huko Marekani, ambako malaria ilitangazwa kuwa imetokomezwa mwaka 1951, wazao wa Waafrika wamebaki na jeni hiyo, lakini faida yake haipo tena.

Uteuzi wa maneno una uzito zaidi kliniki kuliko darasani. Wazazi wawili wabebaji huambiwa kwamba "mtoto mmoja kati ya wanne" atakuwa mgonjwa. Kwa Kiswahili cha kawaida, hiyo ni hesabu ya vichwa: wa kwanza akiugua, deni limelipwa, na watatu wanaofuata wako salama. Wazazi wakaendelea kuzaa kwa imani hiyo. Maana iliyokusudiwa ni kwamba katika kila mimba, bila kujali waliotangulia, uwezekano ni robo ile ile. Maneno "katika kila mimba" hayagharimu chochote kuyaongeza, na mfasiri wa vijitabu vya afya ndiye anayepaswa kuyaweka.