Mate Yanapokauka Baada ya Tiba ya Dundumio

Mtu wa nchi ya michai, awe wa Kericho au wa Bomet, akibainika kuwa na saratani ya dundumio, ile tezi iliyo shingoni chini ya kizoloto, aghalabu tiba yake huanza kwa kisu cha mpasuaji. Na baada ya kupona kidonda, baadhi ya wagonjwa hupelekwa Nairobi kumeza ayodini 131, dawa yenye miale, ili mabaki yaliyosalimika na kisu yateketezwe kwa ndani.

Kabla ya dawa, kwa wiki moja au mbili, hukatazwa chumvi yenye ayodini, samaki, mayai na maziwa. Na kumnyima Mkipsigis wa huko mursik, yaani maziwa ya mgando, na chai ya maziwa ni adhabu ambayo tabibu wa mjini huenda asiijue uzito wake.

Dundumio ina uchu wa ayodini kuliko kiungo kingine chochote, walakini haiko peke yake. Tezi za mate, hasa zile kubwa zilizo mbele ya masikio, nazo huivuta ayodini kutoka katika damu, na kwa kuwa haziwezi kubagua ile ya chumvi na ile yenye miale, huunguzwa na dawa isiyokusudiwa kwao. Ndipo baada ya siku chache, au hata miezi, mashavu huvimba mithili ya matumbwitumbwi na kuuma wakati wa kula, maana vijia vya mate vimesongeka. Ladha huwa ya chumvi au chuma, na kinywa hukauka hata ugali usiteremke. Kadiri jumla ya dawa inavyozidi, ndivyo hatari inavyozidi.

Ilikuwa ada kumpa mgonjwa ndimu anyonye mapema ili mate yaioshe miale. Lakini uchunguzi wa Wajapani uliochapishwa mwaka 2005 uliona kuwa walioanza kabla ya saa 24 kupita walidhurika zaidi. Wataalamu wangali wanahitilafiana, basi mgonjwa na amuulize tabibu wake saa ya kuanza.

Maji mengi na kuyakanda mashavu kutoka masikioni kuelekea kinywani aghalabu huleta nafuu. Chai ya sukari nyingi iepukwe, kwani meno yaliyokosa mate huoza upesi. Nanyi jamaa na majirani, mkiona shavu limevimba, msikimbilie kunena kwamba saratani imerudi. Mrudisheni mgonjwa hospitali, na akiwa na homa au usaha kinywani, apelekwe siku hiyo hiyo.