Maelekezo ya Kompyuta si Urembo



Wapo wanaodhani kwamba kazi ya kutengeneza programu ya kompyuta huisha pale programu inapoanza kufanya kazi. Maelekezo ya kuitumia huachwa hadi siku ya mwisho, akapewa kuyaandika yeyote aliye na nafasi. Fikra hiyo ni ya hatari, na mfano upo.

Mwezi Machi 1986, katika kituo cha kutibu saratani mjini Tyler, jimbo la Texas, Marekani, mgonjwa alilazwa chini ya mashine ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la AECL la Kanada. Mwendeshaji alikuwa chumba kingine, mbele ya kompyuta. Mara mashine ikasimama, na skrini ikaandika: hitilafu 54. Ilionyesha pia kwamba mgonjwa amepata vipimo 6 tu vya mionzi, badala ya 202. Mwendeshaji, aliyezoea kuona hitilafu ndogo ndogo kila siku, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Kumbe mgonjwa alikuwa amekwisha kupigwa na mionzi mikali kupita kiasi, na sasa akapigwa mara ya pili. Alifariki miezi mitano baadaye. Mwezi uliofuata ajali hiyo, yaani Aprili 1986, hapo hapo Tyler, namba ile ile ilitokea tena, na mgonjwa mwingine akapoteza maisha.

Namba 54 ilimaanisha nini? Kitabu cha mwendeshaji hakikuzieleza kabisa namba za hitilafu. Baadaye fundi wa shirika alisema kwamba maana yake ni dozi kuwa kubwa mno au ndogo mno. Yaani namba moja ilibeba maana mbili zinazopingana!

Ni kweli kwamba kosa kubwa lilikuwa ndani ya programu yenyewe, na katika kuondoa vizuizi vya usalama vilivyokuwamo katika mashine za awali. Lakini maelezo mabovu yalimnyima mwendeshaji nafasi ya kushtuka.

Ndiyo maana makampuni makubwa yana kanuni za uandishi. Microsoft ilichapisha kitabu chake mwaka 1995, na Google ikaweka kanuni zake wazi kwa umma mwaka 2017. Nyingi ni rahisi. Mwambie msomaji moja kwa moja la kufanya. Kila hatua ipewe namba yake. Jina la kitufe liandikwe kwa herufi nzito, na lifanane na lililo kwenye skrini. Sharti litangulie tendo, na onyo litangulie hatua. Kumwambia mtu atunze nakala baada ya kumwamuru afute kila kitu ni kumtania.

Kanuni nyingine inapingana na tulivyofundishwa shuleni. Katika insha, mwanafunzi husifiwa kwa kubadilisha maneno. Katika maelekezo, jambo moja liwe na neno moja. Aliyeandika "bofya" ukurasa wa 2 asiandike "bonyeza" ukurasa wa 5 ikiwa anamaanisha tendo lile lile, kwani msomaji atadhani ni mambo mawili. Sisi tunaotumia Kiswahili tunahitaji kanuni hii zaidi, maana istilahi zetu za kompyuta bado hazijatulia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili, kuchagua maneno kulikuwa sehemu kubwa ya kazi.

Na jambo hili si la mahospitali ya Marekani peke yake. Mama anatuma karo kwa simu, anajibiwa: "Muamala umeshindikana." Je, fedha zimetoka au hazijatoka? Atume tena, au asubiri? Akituma tena huenda akalipa mara mbili. Akisubiri, huenda mtoto akarudishwa nyumbani. Ujumbe unaofaa ungesema mambo matatu: nini kimetokea, fedha ziko wapi, na afanye nini sasa.

Basi, wanaotengeneza programu wawahesabu waandishi wa maelekezo kuwa mafundi kamili, na kabla ya kuzitoa wampe mtu asiyezijua maelekezo hayo ayafuate, wao wakae kimya na kumtazama. Pale atakapokwama ndipo pa kuandika upya. Nasi watumiaji, tusione haya kuuliza maana ya namba tusiyoielewa kabla ya kubonyeza.