Trekta Ikivunja Ua, Nani Alipe?

Katika mashamba makubwa ya ngano ya Njoro, Nakuru, dereva wa trekta anaweza kukaa amekunja mikono huku usukani ukijizungusha mbele yake. Setilaiti za GPS zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu hutangaza saa, na kipokezi kilicho kwenye paa la trekta hupima kila ishara imechelewa kiasi gani. Saa ikikosewa kwa sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa sentimita 30. Kituo kidogo cha ardhini husahihisha, hadi trekta ifuate mstari kwa sentimita 2 au 3.

Lakini Nakuru iko kwenye ukanda wa ikweta. Huku, jua likishatua, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme hutokwa na viputo, ishara zikatetemeka au kukatika. Mei 10, 2024, dhoruba ya jua iliwalazimu wakulima kadhaa wa Marekani kusimamisha trekta zao katikati ya msimu wa kupanda. Hasara hiyo ni ya mwenye shamba. Mimi namfikiria jirani mwenye ekari moja ya viazi, ng'ambo ya ua wa mchongoma.

Trekta ikiuvunja ua huo na kumjeruhi mtoto wake, korti itamtaka athibitishe uzembe. Wa nani? Wa dereva aliyefundishwa kuiamini mashine? Wa aliyeunda programu? Marekani hutoa ishara za GPS bure, bila mkataba wowote na mtu wa Njoro. Na kumbukumbu za safari, sekunde kwa sekunde, zimo ndani ya kompyuta ya trekta, mikononi mwa anayeshtakiwa.

Kuna kanuni kongwe ya Kiingereza, ya kesi ya Rylands, 1868: maji uliyoyakusanya kwako yakitoroka na kumwangamiza jirani, unalipa hata kama hukuzembea. Nakuru, tangu bwawa la Solai lilipopasuka Mei 9, 2018 na kuua zaidi ya watu 40, haihitaji kuelezwa uzito wa kanuni hiyo. Ila majaji huitumia kwa tahadhari kubwa, na sioni ikifika kwa trekta.

Afadhali sheria ya Uingereza ya 2018 kuhusu magari yanayojiendesha: bima humlipa majeruhi kwanza, kisha yenyewe humwandama aliyekosea. Ile ni ya barabarani. Yetu iingie hadi shambani, na kumbukumbu za kompyuta zikabidhiwe korti kabla trekta haijarudi kulima.