SARAFU ZA FEDHA MOMBO: KABLA HUJATAJA BEI, PIMA KWANZA

Mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa Mombo, wilayani Korogwe, alifika kwetu na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na sarafu 10 za marehemu bibi yake. Mnunuzi aliyeteremka kwenye basi la Arusha alikuwa amempa ahadi ya Sh 150,000 kwa zote, akisema hela za Mjerumani siku hizi ni chuma tu na kwamba anamsaidia. Siku iyo hiyo jirani alimwambia rupia 1 peke yake inanunua gari. Mfanyabiashara huyu alitaka kujua amwamini nani.

Hakuna wa kumwamini kati ya hao wawili. Sarafu ya zamani ina bei mbili, na mwenye mali anapaswa kuzijua zote mbili kabla ya kuketi na mnunuzi. Ya kwanza ni bei ya madini yaliyomo, ambayo mtu yeyote mwenye mizani ya sonara anaweza kuipiga kwa dakika 5. Ya pili ni bei ya wakusanyaji wa sarafu, na hii ndiyo yenye maneno mengi.

Kwanza tueleze sarafu hizi zilifikaje Mombo, kwani historia ndiyo inayosaidia kutambua kitu halisi. Njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita bonde hili, na jirani tu na hapa, Mazinde, ndipo alipokuwa Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyejulikana sana na wafanyabiashara wa pwani. Pesa ya misafara hiyo ilikuwa reale, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Watu wa pwani waliiita reale ya Sham. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili waliiita reale ya mzinga, kwa sababu nguzo zile walizifananisha na mizinga.

Wakaja Wajerumani na rupia. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia za fedha mwaka 1890, zikiwa na uzito sawa na rupia ya India iliyokuwa imezoeleka Unguja na bara. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilimlazimu mwananchi kuzitafuta hata kama hakuzitaka. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni, mishahara ya vibarua ililipwa kwa sarafu hizo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutolewa mwaka 1921, na rupia zikatoka sokoni taratibu. Nyingi ziliishia kwa masonara zikageuka vikuku. Zilizobaki ndizo hizi za kwenye vibuyu na masanduku ya mabibi.

Sasa hesabu. Bei ya fedha duniani hutajwa kwa wakia ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Bei hiyo haitulii. Oktoba 2025 ilivuka dola 50 za Marekani kwa wakia. Kwa mfano wetu tutumie dola 50 kamili na Sh 2,500 kwa dola, namba za mviringo za kufanyia hesabu tu. Msomaji aweke mahali pake bei ya siku atakayouza. Zidisha 50 kwa 2,500, gawa kwa 31.1, unapata kama Sh 4,000 kwa gramu 1 ya fedha safi.

Lakini sarafu si fedha safi tupu, imechanganywa na shaba ili iwe ngumu. Reale ya Maria Theresa ikiwa mpya ina gramu 28.07, na katika kila gramu 1,000 fedha ni 833. Kwa hiyo ndani yake kuna gramu 23.4 za fedha safi. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, na kiwango chake ni 917 kwa 1,000, yaani fedha safi gramu 10.7. Nusu rupia na robo rupia hufuata mgawanyo huo huo. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 hadi 1946, ile yenye simba na milima, ina gramu 7.78 lakini robo tu ndiyo fedha, hivyo hupati hata gramu 2. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Ni shaba na nikeli. Wako watu wanaotembeza shilingi za 1952 wakizitangaza kuwa fedha, na wako wanaozinunua.

Tulikwenda na mwenye mali kwa sonara kupima sarafu zake. Reale 2 zilitoa gramu 28.0 na 27.9. Rupia zilikuwa 5: nne zilipima 11.6, 11.5, 11.4 na 11.6, na ya tano ikatoa 9.6. Shilingi 3 za Mfalme George wa Tano zilipima gramu 7.7 kila moja.

Ile rupia ya gramu 9.6 iliwekwa karibu na sumaku, ikaruka na kung'ang'ania. Fedha haivutwi na sumaku, wala shaba. Hiyo ni bandia, na thamani yake ni sifuri. Upungufu wa sehemu chache za gramu katika nyingine ni uchakavu wa kawaida wa kupita mikono mingi, lakini gramu 2 nzima hazipotei kwa kushikwashikwa.

Sumaku peke yake haitoshi, kwani bandia ya shaba nyeupe iliyopakwa fedha juu haivutwi nayo. Masonara wanatumia maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya umeme inayosoma gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha tundika sarafu kwa uzi hadi izame bila kugusa chini wala pembeni. Rupia halali ya gramu 11.6 itaongeza kama gramu 1.13 kwenye mizani. Ikiongeza 1.3 au zaidi, umeshika shaba. Reale halali huongeza kama 2.76. Jaribio hili halikwaruzi sarafu wala halihitaji tindikali, na wachuuzi wa bandia hawalipendi.

Turudi kwenye kitambaa. Reale 2, jumla gramu 55.9, zina fedha safi gramu 46.6, sawa na kama Sh 186,000. Rupia 4 halali, gramu 46.1, zina fedha safi gramu 42.3, sawa na Sh 169,000. Shilingi 3 ni Sh 23,000. Jumla ni Sh 378,000. Hiyo ndiyo sakafu, kwa madini matupu. Sonara naye ana gharama za kuyeyusha na kusafisha, na lazima apate chake; hata akikata robo nzima, mwenye mali angeondoka na Sh 283,000. Yule bwana wa kwenye basi alikuwa anatoa 150,000. Tahadhari moja kuhusu shilingi: kwa kuwa robo tatu yake si fedha, kuisafisha ni kazi, na baadhi ya masonara huikataa au huitajia bei ya chini mno.

Bei ya pili sasa. Hapa uzito hausemi kitu. Wakusanyaji hulipia uhaba na hali ya sarafu, na hapo ndipo wengi wanapokosea kuhusu reale. Wanaona 1780 imeandikwa juu yake wanadhani wameshika kitu cha zaidi ya miaka 200. Ukweli ni kwamba Maria Theresa alifariki mwaka huo, na tarehe ikagandishwa. Sarafu hiyo hiyo, yenye 1780 hiyo hiyo, imeendelea kutolewa Vienna, na katika karne ya 20 ilitolewa pia Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay kwa ajili ya biashara ya Uarabuni na Uhabeshi. Zipo nyingi sana duniani. Kwa kawaida hupandi mbali juu ya bei ya madini.

Rupia, ambayo ni ndogo na changa zaidi, ndiyo yenye nafasi nzuri. Ziko za aina mbili. Za kampuni, za 1890 hadi 1902, zina simba na mti upande mmoja na Kaisari Wilhelm mwenye kofia ya chuma upande wa pili. Za serikali, za 1904 hadi 1914, zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA. Miaka mingine ilitolewa kwa wingi, mingine kwa uchache. Rupia 2 kwa sarafu moja ilitolewa 1893 na 1894 tu, na ukiipata nzima usiipeleke kwa sonara hata kidogo. Kuhusu ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, zilitoka kama 16,000 tu, na bandia zake ni nyingi. Asiuze wala kununua mtu bila mtaalamu.

Hali ya sarafu husomwa kwenye sehemu zilizoinuka: ndege aliye juu ya kofia ya Kaisari, masharubu, nywele za simba. Vikionekana wazi, bei inapanda. Sarafu iliyotobolewa kwa ajili ya mkufu, au iliyolehemiwa pete, hurudi kwenye bei ya madini au juu yake kidogo. Na kosa kubwa tuliloliona Mombo ni kusugua. Rupia 1 kati ya zile 4 ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na ndimu usiku uliotangulia, ili "ipendeze" machoni pa mnunuzi. Ule weusi wa miaka 100 ndio mkusanyaji anaoutaka. Ukishaondoka haurudi.

Unapouliza bei ya wakusanyaji, uliza iliyouzwa wala si iliyoombwa. Minada ya Ulaya hutangaza matokeo, na mtu mwenye simu anaweza kuyasoma. Mtu kuandika kwamba anataka mamilioni si ushahidi kwamba kuna aliyelipa. Aidha, anayetaka kupeleka sarafu nje aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, kwa sababu sheria ya 1964 inahitaji vibali vya kuchimbua na kusafirisha vitu vya kale. Wanaochimba usiku kwenye makaburi na magofu ya Wajerumani wanalijua hilo. Na mnunuzi akitoa dola mezani, kumbuka kanuni za Machi 2025 zinakataza kulipana bidhaa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Kwa wawekezaji wadogo waliotuuliza kama wanunue rupia waweke: fedha haizai riba wala gawio. Januari 1980 ilikaribia dola 50, na kabla Machi haijaisha ilikuwa imeanguka hadi kama dola 11. Aprili 2011 ilikaribia tena dola 50, na mwishoni mwa 2015 ilikuwa chini ya dola 14. Aliyenunua kileleni alisubiri sana. Kwa maoni ya safu hii, sarafu uliyorithi ni akiba nzuri, lakini kukopa ili ununue rupia ni kucheza kamari.

Hadi tunakwenda mitamboni, mfanyabiashara wetu alikuwa ameuza reale 1 na rupia iliyosuguliwa kwa sonara, baada ya kupatana kwa gramu. Nyingine amezirudisha kwenye kitambaa. Moja ya rupia alizobaki nazo ni ya kampuni, ya 1892, na simba wake bado ana manyoya yote. Mnunuzi wa basi alirudi Jumamosi, akakuta bei imebadilika.