Zebaki, vumbi na figo za mchimbaji

Kwenye mialo ya Rwamagasa na Nyarugusu, mkoani Geita, mawe yakishasagwa na karasha huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki ili inase dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, na aliye karibu huvuta mvuke. Mikono inayotetemeka wengi wameisikia. Mkojo wenye povu na kope zinazovimba asubuhi hazizungumzwi sana.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Zebaki nyingi huua chembe za figo moja kwa moja, lakini kwa baadhi ya watu madhara hupitia kwenye kinga yao wenyewe. Chembe T, walinzi wa kinga, hushindwa kuwadhibiti wenzao. Chembe B hutengeneza kingamwili dhidi ya protini za mwili. Kingamwili hizo hurundikana kwenye ukuta wa kichujio na kuamsha komplimenti, protini za damu ambazo kazi yake ni kutoboa bakteria. Safari hii hujeruhi kichujio chenyewe: albumini, protini ya damu, huvujia kwenye mkojo, miguu ikavimba. Ajabu ni kwamba hadubini mara nyingi haionyeshi kundi la chembe nyeupe mahali penyewe. Walioagiza shambulio wako mbali. Ugonjwa ukikaa, makrofaji, chembe nyeupe zinazomeza uchafu, huingia na kuchangia makovu, na kovu la figo halifutiki.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za watu wazima wenye hali hiyo ya kuvujisha protini na kuvimba. Wengi walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu, mara nyingi bila dawa maalumu.

Vumbi la karasha, kuanzia Geita hadi Mwakitolyo, Shinyanga, lina njia yake. Silika, madini yaliyomo kwenye vumbi hilo, huwachokoza neutrofili, aina ya chembe nyeupe, na kwa wachache kingamwili hugeuka dhidi ya neutrofili hao, nao wakashambulia mishipa midogo ya damu. Hapo figo zinaweza kufa ndani ya wiki chache.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Katika kuutekeleza, mimi ningeanza na kijiti cha kupima protini kwenye mkojo, kipimo cha bei nafuu, kwenye zahanati za machimboni. Kanda ya Ziwa kuvimba kuna sababu nyingine pia, kichocho kikiwamo, kwa hiyo swali kuhusu kazi ya mgonjwa lisikosekane. Mgonjwa akipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, kisha akarudi kuchoma dhahabu, chembe B zitaendelea kuchokozwa kila moto unapowashwa.